Jasho au bahati? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu waliberali, wahafidhina na pengo la kipato Marekani

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, maswali haya hurudi. Huulizwa na jamaa zetu wanaoishi na kulipa kodi kule, na huulizwa na sisi tunaokesha na simu mkononi tukisubiri matokeo ya majimbo ambayo hatujawahi kuyakanyaga. Nimeyajibu kwa kadiri utafiti wa saikolojia unavyoruhusu. Pale ambapo utafiti wenyewe unayumba, nimesema unayumba.

Mliberali ni nani, na mhafidhina ni nani?

Kwa Marekani, mliberali ni mtu wa mrengo wa kushoto. Anataka wenye nacho watozwe kodi zaidi na fedha hizo ziende kwenye afya, elimu na misaada, na kura yake kwa kawaida huenda chama cha Democratic. Mhafidhina anataka serikali ndogo na kodi ndogo, na anathamini dini, familia na utaratibu uliozoeleka. Yeye kwa kawaida ni wa Republican. Ukivuka bahari kwenda Ulaya maana inageuka: huko "mliberali" mara nyingi ni mpenzi wa soko huria. Na kila nitakachosema hapa chini ni wastani wa watu wengi. Usikitumie kumhukumu shemeji yako wa Texas.

Ni kweli kwamba wahafidhina hawajali haki?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo majibu yake hupotoshwa kuliko yote.

Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka. Mwezi uliofuata Bunge la Marekani likaidhinisha hadi dola bilioni 700 za kuziokoa taasisi za fedha. Watu walikasirika pande zote mbili, lakini tazama hasira zao zilivyotofautiana. Tarehe 19 Februari 2009 mtangazaji wa televisheni Rick Santelli, akiwa katikati ya soko la Chicago, alifoka hewani kuhusu mpango wa Rais Obama wa kuwasaidia walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba. Aliwageukia wafanyabiashara waliomzunguka akawauliza ni nani kati yao anataka kumlipia mkopo jirani aliyejiongezea bafu na sasa hana fedha za kulipa bili. Wakamjibu kwa kelele za kukataa. Wengi huihesabu dakika ile kuwa cheche ya Tea Party, vuguvugu la wahafidhina waliopinga kodi na matumizi makubwa ya serikali. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 17 Septemba 2011, watu wengine walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti, New York, hatua chache kutoka Wall Street, mtaa wa mabenki na masoko ya hisa, na kaulimbiu yao ikawa "Sisi ni asilimia 99".

Makundi yote mawili yalilia dhuluma. Kwa Tea Party, dhuluma ni mzembe kulipiwa na mwenye bidii. Kwa wale wa Zuccotti, dhuluma ni wachache kuhodhi kilichozalishwa na wengi, kisha wakianguka waokolewe na haohao wengi.

Mwanasaikolojia Jonathan Haidt alilazimika kuirekebisha nadharia yake kwa sababu ya mambo ya aina hii. Mwaka 2009 yeye na wenzake Jesse Graham na Brian Nosek walikuwa wamechapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa waliberali hujenga maadili yao zaidi juu ya huruma na haki, ilhali wahafidhina huongeza uaminifu kwa kundi, heshima kwa mamlaka na utakatifu. Ukiyasoma haraka utadhani haki ni mali ya waliberali. Katika kitabu chake cha 2012 Haidt alikiri kwamba neno "haki" lilikuwa limebeba mizigo miwili: haki ya usawa, yaani tugawane sawa, na haki ya stahili, yaani kila mtu apate kwa kadiri alivyotoa. Huu wa pili wahafidhina wameushika kwa mikono miwili.

Na mizigo yote miwili iko ndani ya kila mtu tangu utotoni. Alex Shaw na Kristina Olson walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miaka sita hadi minane, wakipewa vifutio vitano wavigawe kwa wavulana wawili waliosafisha chumba, huona heri kifutio cha tano kitupwe kuliko mmoja apate zaidi. Lakini ukiwaambia kwamba mmoja alifanya kazi zaidi, kifutio hakitupwi tena. Anapewa yeye.

Kwa nini watu wawili humtazama maskini yuleyule wakaona vitu viwili?

Kwa sababu kila mmoja ana hadithi yake ya jinsi maskini huyo alivyofika pale. Mhafidhina huanza na mtu mwenyewe: bidii, tabia, maamuzi. Mliberali huanza na mazingira: shule aliyosoma, mtaa aliozaliwa, ubaguzi, kiwanda kilichofungwa. Kiswahili kina methali za pande zote mbili, na sijui mzee wa kwetu asiyezitumia zote kwa siku moja. "Mchumia juani hulia kivulini" ni ya mhafidhina. "Mnyonge hana haki" ni ya mliberali.

Linda Skitka na Philip Tetlock walilipima jambo hili vizuri. Katika majaribio waliyochapisha mwaka 1992, watu waligawa msaada kwa wahitaji wa kubuni, baadhi yao wakiwa wamejiponza wenyewe. Fungu lilipokuwa dogo, pande zote mbili ziliwaruka waliojiponza. Fungu lilipokuwa la kumtosha kila mtu, waliberali waligawia wote, na wahafidhina waliendelea kuwanyima waliojiponza. Kwa hiyo mhafidhina anaweza kukataa kutoa hata pale ambapo kutoa hakumpunguzii mwingine kitu. Kwake msaada kwa asiyestahili una kosa ndani yake, hata ghala likiwa limejaa.

Mwaka 2002 Skitka na wenzake waliongeza jambo ambalo waliberali hawapendi sana kulisikia. Wazo la kwanza kichwani, kwa pande zote, ni lilelile: "kajitakia". Mliberali hulikamata wazo hilo, akalipima na maadili yake, akalirekebisha. Ukimshughulisha akili kwa kazi nyingine wakati huohuo, hana nafasi ya kulirekebisha, naye hujibu kama mhafidhina.

Halafu kuna mgeuko. Mwaka 2010 Scott Morgan, Elizabeth Mullen na Skitka waliwauliza watu kuhusu wanajeshi wa Marekani walioshtakiwa kwa kuua raia nchini Iraq. Safari hii wahafidhina ndio waliotaja mazingira: vita, hofu, shinikizo. Waliberali ndio waliomlaumu mtu. Kumbe hakuna upande ambao kila mara hulaumu mtu au kila mara hulaumu mazingira. Kila upande una watu wake wa kuonewa huruma.

Kampeni ya urais ya 2012 ilikuwa kama maonyesho ya wazi ya jambo hili. Julai, Obama akiwa Roanoke, Virginia, alisema kwamba mwenye biashara hakujenga peke yake, kwa kuwa kuna barabara, madaraja na walimu waliomtangulia. Republican walilikata neno lake moja, wakalifanya kaulimbiu ya mkutano wao mkuu Tampa: "Tulijenga sisi." Septemba ikavuja video ya mgombea wa Republican, Mitt Romney, akiwaambia wachangiaji wake kwamba asilimia 47 ya wapiga kura wanaitegemea serikali na wanajiona waathirika. Jasho upande mmoja, mazingira upande wa pili, na nchi nzima ikagombana miezi minne.

Mbona Wamarekani wanasema wanataka kuwasaidia maskini, kisha wanaichukia misaada ya serikali?

Hapa pana kisa kizuri cha lugha. Utafiti mkubwa wa maoni unaoendeshwa kutoka Chicago tangu 1972, General Social Survey, huwauliza baadhi ya watu kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa "kuwasaidia maskini". Wengi hujibu ndiyo. Wengine huulizwa swali lilelile, ila kwa neno "welfare", yaani misaada ya serikali kwa wasiojiweza. Hapo wanaosema fedha ni kidogo mno hupungua sana. Maskini ni walewale na fedha ni zilezile, kilichobadilika ni neno.

Neno hilo lilichafuliwa kwa muda mrefu. Katika kampeni ya 1976 Ronald Reagan alikuwa akisimulia habari za mwanamke wa Chicago mwenye majina mengi na anwani nyingi, anayechuma misaada huku akiishi kifahari. Mwanamke huyo alikuwapo kweli, Linda Taylor, tapeli wa kiwango cha juu ambaye hakufanana hata kidogo na mama wa kawaida anayepokea msaada. Lakini picha ilibaki. Mwanasayansi ya siasa Martin Gilens alionyesha mwaka 1999 kwamba chuki dhidi ya "welfare" imefungamana na dhana kwamba wanaoipokea ni watu weusi na kwamba watu weusi ni wavivu. Na vyombo vya habari, anasema Gilens, vilichangia kwa kuonyesha nyuso nyeusi katika habari za umaskini kupita idadi yao halisi. Mwaka 1996 ni Rais wa Democratic, Bill Clinton, aliyetia saini sheria iliyoweka sharti la kazi na ukomo wa miaka mitano kwa msaada wa fedha wa serikali kuu. Kwa hiyo kipimo cha stahili hakikuwa cha Warepublikani peke yao.

Ukisoma saikolojia ya suala hili ukaiacha rangi nje, umesoma nusu ya kitabu.

Imani kwamba "kila mtu hupata anachostahili" inatoka wapi?

Melvin Lerner ndiye aliyeifanyia kazi. Katika jaribio lake na Carolyn Simmons la mwaka 1966, wanafunzi wa kike walimtazama mwenzao akionekana kupigwa shoti za umeme kila alipokosea. Alikuwa anaigiza, ila hawakujua. Waliopewa nafasi ya kumtoa kwenye mateso walimtoa. Walioambiwa mateso yataendelea, wakiwa hawana la kufanya, walianza kumshusha thamani, kana kwamba lazima ana kasoro inayomfanya astahili. Lerner alisema binadamu anahitaji kuamini kwamba dunia ina haki, la sivyo usiku halali. Akishindwa kuiondoa dhuluma, humkosoa aliyedhulumiwa.

John Jost na Mahzarin Banaji walilipanua wazo hili mwaka 1994: watu huutetea mfumo uliopo, na wakati mwingine hata wale unaowaumiza huutetea. Mwaka 2003 Jost na wenzake watatu wakakusanya sampuli 88 kutoka nchi 12, wakahitimisha kwamba uhafidhina una mizizi miwili, kupinga mabadiliko na kukubali kutokuwepo kwa usawa, na kwamba yote miwili hustawi pale ambapo mtu ana hofu na anachukia utata. Wahafidhina walilalamika kwamba hiyo ni kuugeuza msimamo wa kisiasa kuwa ugonjwa. Nadhani walikuwa na hoja kidogo, ingawa takwimu si matusi.

Nimesikia wahafidhina wana furaha zaidi. Ni kwa sababu hawaoni mateso ya wengine?

Kwamba husema wana furaha zaidi, hilo limeonekana mara nyingi. Sababu ndiyo inayobishaniwa. Jaime Napier na Jost walisema mwaka 2008 kwamba wahafidhina wana namna ya kulihalalisha pengo la kipato, kwa hiyo haliwachomi. Mwaka 2012 Barry Schlenker na wenzake wakajibu kwamba furaha hiyo inatokana zaidi na kuamini kuwa maisha yako yako mikononi mwako, pamoja na matumaini na misimamo imara ya maadili. Kwa jicho langu, kila upande uliandika maelezo unayoyapenda.

Wanajua angalau pengo lenyewe ni kubwa kiasi gani?

Hawajui, wote. Michael Norton na Dan Ariely waliwauliza Wamarekani zaidi ya 5,500, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Watu walikisia kwamba asilimia 20 tajiri zaidi wanamiliki karibu asilimia 59 ya utajiri. Wakati huo ilikuwa karibu 84. Walipoulizwa mgawanyo wanaoupenda, walisema kama 32, na hapo Warepublikani na Wademokrati walikaribiana kuliko mtu angetarajia. Namba hizi zisikupumbaze, maana Kimmo Eriksson na Brent Simpson walionyesha mwaka uliofuata kwamba ukibadilisha namna ya kuuliza, ukawaomba watu wakisie wastani wa mali ya kila kundi kwa dola badala ya asilimia, makisio yanabadilika vibaya sana.

Pengo kati yao linarudi pale unapouliza kama hali ilivyo ni tatizo. Taasisi ya utafiti wa maoni ya Pew iliripoti Januari 2020 kwamba asilimia 61 ya Wamarekani wanaona tofauti za kiuchumi zimezidi: asilimia 78 ya Wademokrati na wanaoegemea kwao, na asilimia 41 ya Warepublikani na wanaoegemea kwao. Asilimia 41 si watu wachache.

Nikimpa mhafidhina takwimu sahihi, si atabadilika?

Huenda akaamini takwimu na asibadilike. Alberto Alesina, Stefanie Stantcheva na Edoardo Teso walifanya utafiti Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Sweden, uliochapishwa 2018. Wamarekani walikuwa na matumaini kupita kiasi kuhusu uwezekano wa mtoto wa maskini kufika juu, na Wazungu wa Ulaya walikata tamaa kupita kiasi. Kisha watafiti wakawapa baadhi yao habari za kuvunja moyo kuhusu uwezekano huo. Wa kushoto na wa kulia wote wakashusha matumaini. Wa kushoto wakataka serikali iingilie zaidi. Wa kulia hawakusogea, na sababu yao ni rahisi: kwao serikali ni sehemu ya tatizo, sasa umpe fundi aliyeharibu gari alitengeneze tena?

Na matumaini hayo si ya bure kila mahali. Raj Chetty na wenzake, wakitumia rekodi za kodi, walikuta mwaka 2014 kwamba mtoto aliyezaliwa katika asilimia 20 ya chini ya kipato ana nafasi ya asilimia 4.4 ya kufika asilimia 20 ya juu akikulia Charlotte, na 12.9 akikulia San Jose. Ndoto ya Marekani inategemea basi la shule linakuchukua kituo gani.

Je, mtu huzaliwa mliberali au mhafidhina?

Kidogo, labda. John Alford, Carolyn Funk na John Hibbing walitumia takwimu za mapacha na kudai mwaka 2005 kwamba urithi una sehemu katika misimamo ya kisiasa. Dai maarufu zaidi, kwamba miili ya wahafidhina hushtuka zaidi kwa picha za kutisha, lilitokana na utafiti wa 2008 wenye washiriki 46 tu huko Nebraska. Bert Bakker na wenzake walilirudia kwa watu wengi zaidi, wakachapisha mwaka 2020: hawakuliona. Tena ule wa 2008 ulihusu ulinzi, silaha na mambo kama hayo. Hata ungethibitika, usingekuambia kitu kuhusu kodi. Ukikutana na video inayosema "ubongo wa mhafidhina", endelea na shughuli zako.

Mfuko wa mtu mwenyewe hauna neno?

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na maabara zinakubali. Jazmin Brown-Iannuzzi na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba ukimfanya mtu ajione tu ana hali bora kuliko wenzake, hata kama mfuko wake ni uleule, uungaji mkono wake wa kugawana mali hupungua. Mwaka 2019 Mario Molina, Mauricio Bucca na Michael Macy waliwachezesha watu karata zenye kanuni zinazompendelea mmoja waziwazi. Washindi waliuona mchezo kuwa wa haki kuliko walioshindwa, na waliusifu ustadi wao.

Wanasaikolojia wenyewe si waliberali?

Wengi, ndiyo. José Duarte na wenzake, Haidt na Tetlock wakiwemo, waliandika mwaka 2015 kwamba hali hiyo huathiri hata maswali yanayoulizwa. Ndiyo maana vitabu vinajaa "kwa nini wahafidhina wanakubali tofauti za kipato" na ni nadra kukuta "kwa nini waliberali wanazikataa", kana kwamba la pili halihitaji maelezo.

Kipimo hiki cha mliberali na mhafidhina kinafaa kwa siasa za kwetu?

Ukikichukua kizimakizima, hapana. Ariel Malka na wenzake walichunguza nchi 51 mwaka 2014. Waliona kwamba mtu anayethamini usalama na utulivu huwa mhafidhina katika mambo ya utamaduni, lakini katika uchumi mara nyingi huenda kushoto: anataka serikali imhakikishie kazi na mkate. Ule mfungamano wa kanisani na kodi ndogo, ambao Wamarekani wanadhani ni wa asili, umefungwa na vyama.

Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na ndiye aliyeongoza Azimio la Arusha la 1967 lililowakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Ungemweka wapi kwenye dodoso la Marekani? Katika maandishi yake ya 1962 kuhusu ujamaa alitumia methali ileile ya bibi zetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza ni za Zuccotti. Ya tatu ni ya Santelli.

Basi wapiga kura hujipanga kweli kama wanasaikolojia wanavyosema?

Kwa majina, ndiyo. Kwa mambo yenyewe, si sana. Christopher Ellis na James Stimson walieleza mwaka 2012 kwamba kuna Wamarekani wengi wanaojiita wahafidhina na bado wanataka serikali itumie zaidi karibu kila kitu ukikitaja kimojakimoja. Novemba 2020 Florida ilimpa ushindi Donald Trump. Siku ileile, kwenye karatasi zilezile, wapiga kura wa Florida waliamua kima cha chini cha mshahara kiongezwe hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa. Sheria ya jimbo ilidai asilimia 60 ili pendekezo lipite. Lilipata karibu 61.